Kocha Aliyechaguliwa na Mama Rihab

Sehemu ya Saba

Kengele ya mlango ililia mara ya tatu. Inshirah alikuwa bado jikoni, barua ya daktari mkononi, moto wa jiko ukiwaka mbele yake.

Aichome? Au ampelekee mumewe?

Jumamosi iliyopita nilimwachia papo hapo, na mlivyonisema nimesikia. Basi tulieni. Hakuichoma. Aliikunja mara nne, akaisokomeza kifuani ndani ya gauni, akazima jiko.

Wewe uliyechelewa, jua haya upate kwenda nasi. Haji Bahgat, mwenye duka la keki tamu za basbusa na kunafa hapa kwetu mtaani Shubra, ana miaka hamsini na mitatu na kilo mia na kumi na nane. Mkewe ni Inshirah. Binti yao ni mmoja, Rihab, miaka kumi na tisa. Haji anataka mke wa pili, Nirmin, msichana wa miaka ishirini na sita, na Nirmin kamwambia waziwazi, "Simtaki mwanamume anayetanguliwa na tumbo lake. Una siku arobaini."

Kaka yake Nirmin, Talaat, muuza vipuri aliyekwisha kuacha wake wawili, naye akatoa sharti: harusi ziwe mbili siku moja. Nirmin kwa Haji. Rihab kwake yeye.

Na barua? Ilisema mishipa ya moyo wa Haji imeziba. Asikimbie, asinyanyue kizito, mpaka afanyiwe upasuaji. Haji hakungoja kuisikia. Alitoka kliniki akisema ni gesi tu, na Daktari Lamii akamkimbilia mkewe ngazini. "Msomee, mama. Leo hii. Usilale nayo."

Alilala nayo siku mbili.

"We Inshirah! Umefia huko?"

Sebuleni Haji alikuwa amejitandaza kwenye kochi, fulana mpya imembana. Mlangoni walikuwa wamesimama wanaume watatu, kila mmoja na mkoba wake.

"Keti hapo," Haji akamwambia mkewe. "Makocha hao. Utanichagulia."

"Mimi?"

"Wewe. Miaka ishirini na miwili umeninenepesha kwa samli yako. Sasa nitafutie wa kunikondesha, Nirmin apate mume anayebebeka." Akacheka peke yake. "Na nguo zenye jasho utafua wewe, kwa hiyo chagua vizuri, mama gunia."

Wale makocha wakatazama chini. Inshirah akaketi.

Wa kwanza alikuwa Kapteni Wadii, maana kwetu kocha huitwa kapteni, mtu mkavu aliyewahi kuwa mpiga mieleka. Hakulitazama tumbo la Haji. Aliitazama midomo yake.

"Haji, ukipanda ngazi za nyumba hii unapumzika mara ngapi?"

"Linakuhusu nini?"

"Na mkono wa kushoto? Hauumi? Haufi ganzi?"

Inshirah akaisikia karatasi ikimkwaruza kifuani.

"Nimekuita kwa ajili ya tumbo, unaniuliza mkono," Haji akasema. "Unataka kuniposa?"

"Nataka kipimo cha moyo. Bila kipimo sikugusi. Nikishakiona, tunaanza kwa kutembea. Dakika ishirini kando ya mto, asubuhi, polepole. Chuma tutakishika mwezi wa pili, na kidogo."

"Mwezi wa pili nitakuwa kwenye fungate, ewe babu! Nimeita kocha, kaja muuguzi!"

Wadii hakukasirika. Alichukua mkoba wake, akamgeukia Inshirah. "Mama, kocha asiyeuliza mtu anaumwa nini usimkabidhi mwili wa mtu wako. Hata awe na misuli kama farasi."

Yeye alilitoa neno hilo kama onyo. Inshirah alilipokea kama anwani ya kocha wa kumchagua.

Wa pili alikuwa kijana, Shadi, nywele zinang'aa mafuta. Alitoa simu kabla ya salamu.

"Haji, kwanza nikupige picha ya kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla na baada. Watu elfu sitini wananifuata. Vua fulana, shika tumbo kwa mikono miwili, halafu fanya uso wa huzuni."

Haji alimtupia kandambili. Ilimpata sikioni, na tukaachana na Shadi.

Wa tatu aliingia, sebule ikawa ndogo. Kapteni Hamdun. Kichwa na shingo vilikuwa na upana mmoja. Hakuketi.

"Harusi lini?"

"Siku thelathini na nane zimebaki."

"Kilo ngapi?"

"Ishirini."

"Nitakutoa ishirini na tano. Nitaleta mashine kwako, nitaiweka juu ya paa. Alfajiri na alasiri. Ukilia, naongeza."

Haji akapiga paja kwa furaha. "Na wewe huniulizi kama naumwa?"

"Anayeumwa huenda hospitali. Mimi sina dawa."

"Huyu mwanamume! Haya, mama gunia, sema."

Inshirah aliutazama mlango. Wadii alikuwa amekawia ngazini, hatua zake zilikuwa bado zinasikika. Kumwita lilikuwa jambo la sekunde. Akafungua kinywa.

"Na ukimaliza," Haji akaongeza, "kapimwe gauni. Siku ya harusi utasimama mlangoni kupokea wageni. Nataka wakuone wewe kwanza, kisha wamwone Nirmin. Wajue nilivyovumilia."

Kule chini mlango wa nje ukafungwa.

"Huyu," Inshirah akasema, akimnyooshea kidole Hamdun. "Huyu ndiye anayekufaa."

Mashine ya kukimbilia ilipandishwa ghorofa nne na wanaume wanne. Wakaiweka paani karibu na banda la njiwa, vyuma pembeni, mizani pembeni. Hamdun alimfunga Haji tumbo kwa nailoni na kumkimbiza mpaka viatu vikafanya chubwi, chubwi. Alimchuchumaza na chuma mabegani. Mkate ulikatazwa, wali ulikatazwa. Mayai ya kuchemsha na samaki wa kopo, basi.

Siku ya tisa kilo tano zilikuwa zimeondoka. Majirani wa mapaa ya jirani wakawa wanatoka alasiri na chai zao kutazama.

Kadiri tumbo lilivyopungua, ndivyo ulimi ulivyonenepa.

"Baba, simtaki Talaat," Rihab alimwambia mezani.

"Hukuulizwa."

"Ana miaka arobaini na mitano."

"Na wewe una pua ya bibi yako. Shukuru."

Rihab alimtazama mama yake. Inshirah alimenya yai, akaliweka kwenye sahani ya mumewe, akanyunyiza chumvi.

Siku ya kumi na mbili ilianza na soksi. Haji alikuwa hawezi kuinama, akamwita mkewe amvishe. Inshirah alipopiga magoti aliiona miguu imevimba. Alibonyeza kidole kwenye kifundo, na shimo likabaki pale pale, halikufutika. Akainua macho. Midomo ya mumewe ilikuwa na rangi ya zabibu.

"Inshi," Haji akasema taratibu, "nipe maji, Mungu akubariki."

Inshi! Jina hilo alikuwa hajalisikia tangu miaka ile walipokuwa wao wawili wakisukuma mkokoteni wa basbusa, yeye anakata vipande, Bahgat anapiga kelele za kuuza, na jioni wanagawana kipande kilichovunjika.

Moyo wake ukageuka. Nawaambia kweli, uligeuka. Alasiri ile alijaza glasi nyingine ya maji, akaitoa barua kifuani, akaishika pamoja na glasi, akapanda ngazi moja moja. Alikuwa amekwisha kupanga maneno. Bahgat, nilikosea. Soma hii, kisha nifanye utakavyo.

Alipotokeza paani Haji alikuwa amesimama kando ya mashine, taulo shingoni, majirani wakimshangilia. Alimwona, uso ukachangamka.

"Ahaa! Amekuja mwenyewe! Jamani sogeeni! Inshirah, panda mizani."

"Nina neno nataka kukwambia, Baba Rihab. Faragha."

"Utalisemea juu ya mizani. Panda!"

"Watu wanatazama."

"Ndiyo maana! Kapteni, mpandishe."

Hamdun hakusogea. Haji alimshika mkewe kiwiko mwenyewe, akamsukuma. Maji yakamwagika nusu. Inshirah alijikuta juu ya mizani, gauni limemganda, na paa zima la upande wa pili likinyoosha shingo.

Haji akainama, akasoma, akapaza sauti kama anayenadi ng'ombe. "Tisini na sita! Mnaona? Ndani ya hizo, kilo moja ni akili!"

Wakacheka. Mwanamke mmoja hakucheka. Alikusanya vikombe vyake akaingia ndani. Wengine wote walicheka, hata wale ambao Inshirah aliwahi kuwapelekea kabichi za kujazwa wali wakati wa msiba wao.

Akashuka. Barua ikarudi kifuani.

Hapo ndipo lilipotokea lile ambalo hakulitarajia. Hamdun, yule fahali, alimfuata mpaka kwenye banda la njiwa, akazungumza chini chini.

"Mama Rihab, samahani. Jana kifua kilimbana, akakaa chini robo saa. Leo namwona midomo. Anasema ni gesi." Alifuta uso kwa kiganja. "Mimi siulizagi watu. Lakini nakuuliza wewe. Ni gesi?"

Njiwa walikuwa wakiguna ndani ya banda. Nyuma yao Haji alikuwa anamwigiza mkewe anavyotembea, na watu wanashika mbavu.

"Ni gesi tu, Kapteni," Inshirah akasema. "Ana haraka na harusi. Usimwonee huruma."

Hamdun akashusha pumzi, akarudi kwenye mashine.

"Ongeza!" Haji akaamrisha.

Ikaongezwa.

"Ongeza, wanatazama!"

Ikaongezwa tena. Haji alikimbia akipunga mkono kwa majirani. Kisha mkono ukabaki juu, haupungi. Kisha ukashika kifua. Mashine haikujua kitu, iliendelea kwenda, ikamtupa nyuma kama mzigo uliofunguka kamba.

Alianguka chali miguuni pa mkewe, macho yamemtoka. "Inshi..."

Inshirah alisimama na nusu glasi ya maji. Hakuinama. Hakupiga kelele. Alimtazama tu. Ukihesabu polepole ungefika kumi.

Hamdun ndiye aliyemrukia Haji, akamkandamiza kifua, akampulizia pumzi, akamkandamiza tena. Kisha akamwinua mgongoni, kilo mia na kumi na tatu, akashuka naye ghorofa nne akilia kwa sauti kama mtoto, "Haji, usinifie! Haji, usinifie mkononi!"

Hapo ndipo mayowe yalipomtoka Inshirah. Na yalikuwa ya kweli. Hilo lilimtisha kuliko yote.

Akakimbia nyuma yao. Kwenye ghorofa ya pili kitu chepesi kilichomoka kifuani mwake kikaanguka kwenye ngazi. Hakukiona.

Rihab, aliyekuwa akipanda mbio, alikiona.

Haji hakufa. Nani kawaambia wabaya hufa upesi? Walimzibua mishipa mitatu, na siku ya nne, saa sita mchana, mke na binti waliruhusiwa kuingia. Alikuwa amelala, mirija puani, mashavu yamebonyea. Kilo alizozitaka zilikuwa zimekwenda bila mazoezi.

Daktari Lamii alisimama upande wa kichwani.

"Nilimwandikia barua," akasema, akimkazia macho Inshirah. "Niliiweka mkononi mwako, mama. Iliishia wapi?"

Haji alikuwa amefumba macho. Mashine ya moyo ililia pii, pii.

Inshirah alipeleka mkono kifuani, mahali ilipokuwa.

"Iliishia kwangu," Rihab akasema.

Alifungua mkoba, akaitoa. Ile ile, mikunjo minne.

"Nilimnyang'anya mama. Nikamwambia nitampa Baba mwenyewe. Sikumpa."

"Rihab!"

"Nyamaza, Mama."

Daktari alitazama huyu, akatazama yule. "Hili ni jambo la polisi."

"Ni jambo la nyumba yangu, Daktari," Haji akasema bila kufumbua macho. "Tupishe kidogo."

Daktari alisita, akatoka. Haji akafumbua macho. Yalikuwa maangavu kabisa.

"Kwa nini, binti yangu?"

"Ulisema nitaolewa na Talaat."

"Ungeniua usiolewe?"

"Ndiyo." Akaiweka barua juu ya shuka. "Ndiyo, Baba."

Haji alinyoosha mkono kwenye meza, akachukua simu. "Talaat? Njoo hospitali. Uje na kadhi na mashahidi wako. Hapana, si mwezi ujao. Mwezi ujao ni mbali. Leo."

Inshirah alianguka magotini kando ya kitanda, akashika shuka.

"Ni mimi, Bahgat! Mtoto hajui kitu! Nilikaa na barua siku kumi na nne. Yule mzee Wadii ndiye angekufaa, nikamwacha aende. Hamdun aliniuliza, nikamwambia gesi. Ulipoanguka nilisimama nakutazama. Niite muuaji, niite polisi, ila mwache mtoto."

Haji akaanza kucheka. Alicheka kidogo kidogo, kwa sababu kifua kiliuma, akikishika kwa viganja.

"Najua."

Inshirah akainua uso.

"Daktari alinieleza tangu jana. Na Hamdun alikuja asubuhi akalia hapo hapo ulipopiga magoti wewe. Najua yote. Nilitaka tu kuona huyu anakupenda kiasi gani." Akamwelekezea Rihab kidevu. "Nimeona. Anakupenda sana. Asante, binti yangu, umenionyesha pa kumpiga mama yako."

"Basi mwambie Talaat arudi," Inshirah akasema. "Umekwisha kuujua ukweli."

"Arudi kwa nini? Mtu aliyekubali jela kwa ajili yako atashindwa kukubali mume?" Akamgeukia Rihab, sauti laini kama ya baba yeyote anayeongea na mwanawe. "Sikiliza. Kadhi atakuuliza kama umeridhia. Ukisema hapana, mama yako anatoka chumba hiki na askari, na ushahidi anao Hamdun. Ukisema ndiyo, hakukuwa na barua. Mimi nilikuwa na gesi."

"Usiseme ndiyo," Inshirah akamwambia binti yake. "Wallahi nitakwenda jela nacheka. Rihab! Nitazame. Usiseme."

Rihab alimtazama. Alimtazama sana. Akamwinua kutoka sakafuni, akamkalisha kwenye kiti, akamfunga vizuri mtandio uliolegea kichwani.

Mlango ukagongwa.

Talaat aliingia wa kwanza, harufu ya marashi ikamtangulia, mashahidi wawili wakimfuata. Nyuma yao kadhi, mzee mnene anayehema, daftari kubwa kwapani. Aliiona mirija, akamwona mama analia, akawaona wanaume waliovaa suti, akachanganyikiwa.

"Haji, Mungu akuponye. Nimeambiwa nije mbio, sikuambiwa kwa lipi." Akafungua daftari kwenye meza ya dawa, akatafuta miwani. "Leo naandika ndoa au talaka?"

Haji Bahgat aliegemea mto, akatabasamu.

"Zote mbili, Sheikh."

Inshirah aliachia kilio. Talaat alijirekebisha tai.

Rihab alipita katikati yao mpaka mezani. Uso wake ulikuwa mkavu. Alinyoosha mkono mbele ya kadhi.

"Nipe kalamu," akasema. "Lakini anza na talaka ya mama, atoke huru kwanza."